Barua ya wazi kwa TBS, LATRA, Trafiki, TIRA na TRA: hizi gari zinakuja na macho, sisi ndo tunazipofua

Wakuu wa TBS (viwango), wakuu wa LATRA (usafiri wa nchi kavu), makamanda wa usalama barabarani, na nyie wa TIRA (bima) na TRA (kodi), heshima zenu.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar, na kazi yangu kubwa siku hizi ni hizi krosova ndogo za Kijapani zilizojaa mjini, Forester, X-Trail, CX-5, Vezel, C-HR, RAV4, na Raize nazo zimeanza kuonekana. Naandika kwa sababu kuna kitu nakiona gereji kila wiki na sioni ofisi hata moja kati ya zenu inayokishika, kila mmoja anaona ni cha mwenzake, au anaona ni mambo ya starehe tu kama redio yenye skrini kubwa. Wakuu hapa tunaongelea breki, yaani kamera na rada zinazolifanya gari lishike breki lenyewe likikaribia kugonga.

Nieleze kidogo kwa ambao hawajawahi kufungua hizi gari. Ukisimama mbele ya Forester yenye EyeSight, ule mfumo wa kamera wa Subaru, ukaangalia juu kwenye kioo cha mbele, pembeni ya kioo cha ndani cha kuangalia nyuma, utaona kamera mbili. Zile zinafanya kazi pamoja, kila moja inaona kitu kilekile kutoka sehemu tofauti kidogo, na kwa hiyo tofauti kompyuta inapiga hesabu ya umbali. Ikiona unalisogelea gari la mbele kwa spidi ambayo hutaweza kusimama inapiga kelele, usiposikia inaanza kushika breki yenyewe, mwisho inazikanyaga zote. Subaru walianza na huu mfumo 2008 kule Japan, na mwaka huohuo Volvo wakatoa XC60 ambayo breki ya kujikamata yenyewe kwenye foleni ilikuja ndani ya kila gari bila kulipia ziada. Toyota nyingi za kuanzia 2015 zina kamera kwenye kioo halafu zenye mfumo wa juu zina na rada nyuma ya ile nembo ya mbele. CX-5 za mwanzo za 2012 zina leza, nayo inafanya kazi kwenye spidi ndogo tu, kama kilomita 4 mpaka 30 kwa saa, yaani foleni ya Ubungo basi. Sio zote zina nguvu sawa na hilo ni muhimu, nitalirudia chini.

Na hii kitu inafanya kazi kweli. Taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima Marekani, IIHS, walilinganisha gari zenye breki ya kujikamata na zisizo nayo wakakuta ajali za kumgonga wa mbele kwa nyuma zimepungua kwa asilimia 50. Nusu nzima, jamani! Japan wenyewe wameona wasiache iwe hiari, kuanzia Novemba 2021 kila modeli mpya ya gari dogo inayotoka kwao lazima iwe na breki ya kujikamata, na Ulaya wakaanza na modeli mpya Julai 2022 halafu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa. Marekani wamewapa watengenezaji mpaka Septemba 2029.

Sasa mnajua gari za Japan zinaenda wapi zikichoka kwao. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti 2020 likasema kati ya 2015 na 2018 ziliuzwa nje gari ndogo zilizotumika milioni 14 duniani, na Afrika ndo iliyopokea nyingi kuliko wote, kama asilimia 40. Maana yake hizi zenye mfumo, ambazo leo tunaona ni za wenye hela, ndo gari za kawaida za kesho hapo Tegeta na Mbagala, hakuna namna ya kuzikwepa hata tukitaka.

Shida yangu inaanzia gari linaposhuka bandarini.

Kule Japan hizi kamera na rada haziguswi na kila mtu. Tangu Aprili 2020 gereji inayofungua au kurekebisha kamera ya mbele na rada lazima iwe na kibali maalum, iwe na nafasi ya sakafu iliyonyooka, iwe na zile bao za kulengea, zinazowekwa mbele ya gari ili kamera ipangwe sawasawa, na fundi aliyesomea. Na tangu Oktoba 2024 ukaguzi wao wa magari unachomeka mashine kwenye soketi ya gari kusoma kama kuna hitilafu zimejificha kwenye kompyuta, wameanza na gari za modeli mpya. Likifika huku hizo habari zimeisha. Nimeona gari limepita ukaguzi, taa, matairi, breki za kawaida, hendibreki, moshi, chesisi, vyote vimeangaliwa na sina ubishi na hilo, lakini hakuna aliyeuliza kama kamera inaona. Mnapima breki inayokanyagwa na mguu, ile inayojikanyaga hamuigusi.

Halafu tunaanza kuziharibu sisi wenyewe. Cha kwanza ni kioo cha mbele. Jiwe limeruka barabara ya Morogoro kioo kikapasuka, mwenye gari anatafuta kioo cha bei rahisi, kinakuja kioo ambacho sehemu ya kukaa kamera haijakaa vile inavyotakiwa au kioo chenyewe kina mawimbi, fundi anachomoa kamera anaibandika tena kwa kukadiria. Hakuna kulenga upya. Kamera ikipinda digrii moja tu, mita 100 mbele inakuwa imekosea kama mita 1.75, hiyo ni nusu ya leni, kwa hiyo lori lililo mbele yako inaliona kama lipo pembeni na bajaji ya pembeni inaiona kama ipo mbele yako. Mojawapo itatokea, ama haishiki breki pale inapotakiwa, ama inashika breki ghafla mahali hakuna kitu na wa nyuma anakuingia.

Cha pili ni spesa, vile vipande vya kunyanyulia gari. Kila mtu akishatoa gari bandarini anataka linyanyuliwe, na namuelewa, barabara zetu za mitaani na matuta yetu yanachubua tumbo la gari. Ila ukinyanyua nyuma ukaacha mbele, au ukinyanyua mbele ukaacha nyuma, kamera inaangalia lami au inaangalia mawingu. Ukifunga tairi kubwa kuliko ya kwake hesabu ya spidi nayo inakosea. Hakuna fundi spesa ninayemfahamu anayemwambia mteja hii habari na siwalaumu, hawajaambiwa na mtu.

Halafu kuna urembo. Nembo ya kung'aa inayowekwa badala ya ile ya plastiki laini ambayo nyuma yake kuna rada. Bampa la chuma. Tinti ya ukanda wa juu inayoshuka mpaka kwenye kamera. Bampa la nyuma lililopigwa rangi nzito juu ya sensa za pembeni zinazokuonya kama kuna bodaboda upande usiouona. Na stika, makamanda mnisikie hapa, stika za nenda kwa usalama na nyingine zozote zinazobandikwa kwenye kioo cha mbele, kuna gari nimepokea stika ipo mbele ya kamera kabisa. Hii ni ya kurekebisha kwa tangazo moja tu, mseme kwenye gari yenye kamera ya mbele stika inakaa kona ya chini upande wa abiria, basi, haihitaji bajeti.

Kuna hili nalo ambalo wengi hawalijui. Ile breki ya kujikamata haina pampu yake, inatumia pampu ileile ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki ghafla. Na ule mfumo unaozuia gari lisizunguke ukikata kona kwa spidi, ambao kwa hizi krosova ni wa muhimu kuliko kwa gari la chini kwa sababu zimeinuka na zikiyumba zinapinduka kirahisi, nao unatumia ABS hiyohiyo pamoja na sensa za kwenye magurudumu. Sasa waya wa sensa ya gurudumu moja ukikatika kwa matope au fundi wa bearing akauvuta, vyote vinazima kwa pamoja, ABS imezima, kuzuia kuzunguka kumezima, breki ya kujikamata imezima. Dashibodi inawaka taa tatu nne za njano na mwenye gari anakwambia "hizo zinawakaga tu, gari haina shida". Waya wa bei ndogo kabisa, na gari lote limerudi kuwa kama la miaka ya 80.

Na kwa nini mtu asizoee hizo taa? Maandishi yote yapo kwa Kijapani. Gari linamwambia kamera imezibwa, safisha kioo, au mfumo umejizima kwa muda, au peleka gari gereji, yeye anaona michoro. Sauti nayo inaongea Kijapani. Kitabu cha maelekezo kama kipo ni cha Kijapani. Watu wananunua gari yenye usalama wa kiwango cha juu afu hawajui hata kitufe cha kuuzima na kuuwasha kipo wapi, wengine wamekibonyeza kwa bahati mbaya siku ya kwanza na tangu hapo haujawahi kuwaka.

Linaloniuma zaidi ni la makusudi. Kuna yadi na kuna madalali, siwataji, wanaofuta namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari asubuhi mteja anapokuja kuangalia gari, zinarudi akishafika nyumbani. Na kuna gari lililopata ajali eabegi (mifuko ya hewa) zikafumuka, linanyooshwa bodi, halafu badala ya kununua eabegi wanaweka rezista kwenye waya ili kompyuta idhani eabegi ipo, taa inazima kama kawaida, dashibodi inashonwa vizuri kabisa. Mama anaendesha na watoto nyuma akijua mbele yake kuna eabegi na pale hamna kitu, ni tambara. Huyu aliyefanya hivi kwa sheria zetu za leo sioni anashikwa kwa lipi, kwa sababu hakuna kipimo kinachomkamata.

Kwa kuwa nimegusa eabegi niongeze la Takata, kampuni ya Kijapani iliyokuwa inatengeneza eabegi. Eabegi zao zilitumia baruti ya amoniamu naitreti ambayo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ikilipuka inarusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru wote waliguswa na wakaita magari yao kurudi. Joto na unyevu, wakuu, hiyo si ndo Dar, Tanga, Zanzibar na Mtwara? Mtengenezaji akiita gari kurudi barua inaenda kwa mmiliki wa Japan anayemjua, sisi huku hatupo kwenye daftari lake. Lakini namba ya chesisi ukiiingiza kwenye tovuti za watengenezaji wa Japan inakwambia kama gari hilo lina wito ambao haujafanyiwa kazi. TBS mna namba za chesisi za kila gari linaloingia. Naomba iwe lazima kuangalia kabla cheti hakijatoka na mmiliki aambiwe kwa maandishi. Na mfuatilie hata ya watengenezaji wenyewe, Desemba 2023 Daihatsu, ambao ndo wanaotengeneza Raize kwa ajili ya Toyota, walikutwa wamefanya udanganyifu kwenye vipimo vya modeli 64. Habari kama hiyo ikitoka mwananchi anatakiwa aisikie kwenu.

Sasa niseme na upande wa pili maana sitaki mtu aseme nauza teknolojia. Hizi kamera zina mipaka na mipaka yenyewe ipo palepale tunapofia. IIHS haohao mwaka 2022 walitoa utafiti wa breki inayomtambua mtembea kwa miguu, ajali za kugonga watembea kwa miguu zilipungua kwa asilimia 27 kwa ujumla, lakini usiku sehemu isiyo na taa za barabarani hakukuwa na tofauti yoyote. Hakuna! Sasa fikirieni Chalinze mpaka Segera saa mbili usiku, mtu amevaa nguo nyeusi anasukuma baiskeli ya mkaa, mbele yake lori limeharibika halina taa limewekewa matawi ya miti barabarani. EyeSight ya Forester ya 2013 ina uwezo wa kuzuia kugonga kabisa ikiwa tofauti ya spidi ni kama kilomita 30 kwa saa, toleo lililofuata wakafika kama 50. Wewe unakuja na 110 na lori limesimama. Itakupunguzia, haitakuokoa. Mvua kubwa, vumbi la njia ya changarawe, jua la saa kumi na mbili likiwa linakupiga usoni, kamera inajizima na inakwambia kwa Kijapani imejizima.

Ndo maana nasema hili sio la TBS peke yao. Mfumo unaomrudisha dereva anayetoka kwenye leni unasoma mistari, pasipo mistari hausomi kitu, na kuna vipande vya barabara kuu mistari imefutika tangu zamani na TANROADS wanapita hapo kila siku. Taa za barabarani kwenye miji midogo ya njiani nazo zinaingia hapa. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka duniani na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki. Hao hawapo ndani ya hizi krosova, wapo mbele yake. Mimi nikilenga kamera ya mteja vizuri anayefaidika wa kwanza anaweza kuwa mtoto anayevuka Kimara kwenda shule ambaye hata hajui kuna kitu kinaitwa kamera, na hilo ndo linalonifanya nisiweze kukaa kimya na hii kazi.

Na madereva wafundishwe. Mtu anatoka shule ya udereva amefundishwa kwa kigari cha zamani, anaingia kwenye gari inayojishika breki, siku ya kwanza ikijishika anapaniki anakanyaga mafuta, wengine ndo wanakuja kwangu wanaomba niutoe mfumo wote. Nawakatalia ila najua wanaenda kwa mwingine. Mwingine kinyume chake, ameona video anadhani gari linajiendesha, anachati barabarani.

Najua kuna atakayesema basi tufanye kama Kenya, gari likizidi miaka 8 lisiingie. Mimi siungi mkono kukimbilia huko, watu wengi wanaojitafutia gari la kwanza watabaki kwenye bodaboda na bodaboda ni hatari kuliko IST yoyote. Umri peke yake hauniambii kama kamera inaona. Gari la miaka 5 lenye kioo kibovu ni bovu kuliko la miaka 12 lililotunzwa. TRA kwenye hesabu zenu mnaangalia ukubwa wa injini na umri na mnatoza ushuru wa uchakavu, sawa, ni kazi yenu, ila mashine za kulengea kamera na bao zake zikiingia nchini zinakula ushuru kama bidhaa nyingine yoyote, ndo maana gereji zenye vifaa hivyo ni za kuhesabu na bei zake mtu wa kawaida hazigusi. Ondoeni hapo. Mtaona vijana wa Gerezani na Kinondoni watakavyochangamkia, hii ni kazi wanaiweza kabisa wakipewa kifaa na mafunzo, VETA wapo, NIT (chuo cha usafirishaji) pale Mabibo wapo na wanakagua magari tayari.

TIRA nanyi mna mkono mkubwa kuliko mnavyodhani. Kioo cha mbele kikilipwa na bima, kampuni inalipa kioo na kazi ya kubandika, kulenga kamera hakumo kwenye makadirio, na fundi akiandika kinakatwa kwa kuambiwa ni nyongeza isiyo ya lazima. Toeni mwongozo kwamba kwa gari yenye kamera kwenye kioo, kulenga ni sehemu ya kubadilisha kioo, na karatasi ya mashine iambatanishwe kwenye madai. Itawagharimu makampuni kidogo na watakipata kwenye ajali zitakazopungua.

TBS, cheti cha ukaguzi kiongezewe sehemu: gari lina mfumo gani, kamera ipo, rada ipo, eabegi zote zinasomeka, na orodha ya hitilafu iliyosomwa na mashine siku hiyo, iandikwe kwa Kiswahili, ikabidhiwe kwa mnunuzi na sio kwa wakala. Gari lisizuiwe kwa hilo mwanzoni, mnunuzi ajue tu anachonunua, na baada ya muda mtakaoona unafaa ndo liwe sharti. LATRA mkiona vema anzieni na magari ya abiria ya mtandaoni maana humo zimo nyingi na mnazo kwenye mfumo wenu. Makamanda, kuweka rezista badala ya eabegi kitajwe wazi kwenye sheria kuwa kosa la jinai, kwa aliyeweka na aliyeuza akijua. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, kuna mambo mengi haikuwahi kuyaona.

Modeli za baada ya Novemba 2021 zimeshaanza kuonekana kwenye minada ya Japan na zingine zipo yadi hapa tayari. Zikianza kupasuka vioo tutakuwa na miezi michache tu kabla mtindo wa kubandika kwa kukadiria haujawa ndo kawaida ya mji mzima. Mkiitisha kikao cha mafundi kuhusu hili mimi nitakuja na mashine yangu, leteni gari lolote lililopita ukaguzi karibuni tulisome pamoja hapohapo mbele yenu.

Wenu,
Fundi umeme wa magari, Dar es Salaam